Mmea Mmoja Katika Rejesta ya Mawe

Baada ya miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na tisa, fundi mkuu wa mizani wa ofisi yetu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane, saa tisa na nusu alasiri. Hesabu hiyo ameifanya mwenyewe. Sisi tulikuwa tumeandika "zaidi ya miaka thelathini" kwenye ratiba ya sherehe, ikarudi mezani kwetu ikiwa na duara jekundu kwenye neno "zaidi".

Wenye maduka, wachinjaji na wauza nafaka wanamwita Bi Gramu, na nusu yao hawajui kama ana jina jingine. Aliingia hapa akiwa binti mwembamba wa kubeba masanduku ya mawe ya mizani kutoka kwenye gari hadi ghorofa ya pili. Miaka sita baadaye alikuwa ndiye anayeyahakiki. Amefundisha mafundi kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja hadi leo hunawa mikono kabla ya kushika hata kijiko cha chai.

Visa vyake vinajulikana. Kuna mchinjaji aliyebandika sumaku chini ya sahani ya mizani, naye Bi Gramu akanunua nyama kwake wiki tatu mfululizo, akila kimyakimya, mpaka alipokuwa na ushahidi wa kujaza ukurasa. Kuna kaka yake wa tumbo moja, mwenye duka la vyakula, ambaye mizani yake ilikutwa na kasoro ya gramu nane. Bi Gramu aliifungia kwa muhuri mwekundu mbele ya wateja. Kaka mtu alinuna mwaka mzima. Mwaka uliofuata aliileta mizani mwenyewe kabla hata ya tangazo la ukaguzi kutoka.

Lakini sisi tuliokaa naye jengo moja tunajua kwamba kipimo kigumu kuliko vyote alikutana nacho mwaka huu wa mwisho, na hakikuwa cha mizani. Kilikuwa cha okidi.

Okidi ile ilikuwa ya mama mkwe wake, ambaye humu tutamwita Bibi kama anavyoitwa na mtaa mzima. Mume wake Bibi aliileta nyumbani mwaka wa mwisho wa maisha yake, ndani ya chungu cha plastiki, mizizi ikiwa imeshikilia vipande vya magome badala ya udongo. Ilichanua maua tisa meupe. Mzee akafariki maua yakiwa bado juu. Tangu hapo miaka saba ilipita, na okidi ikatoa majani tu, manene, ya kijani kizito, yenye kung'aa kwa sababu Bibi aliyafuta vumbi kila Jumapili.

Mwanzoni mwa mwaka daktari wa moyo alisema vali ya moyo wa Bibi imechoka na lazima apasuliwe. Akatoa miezi minne. Baada ya hapo, alisema, mwili utakuwa dhaifu mno na yeye hatatia kisu. Familia ikakubali palepale. Bibi akakataa.

Hakukataa kwa woga. Alikaa kitandani, mikono juu ya shuka, akawaambia: "Mzee aliniachia ile kitu ina maua. Mimi nikifia mezani kwa daktari huku nimeiacha na majani matupu, nitamwambia nini nikimkuta?" Mwanawe akajaribu kucheka. Bibi akamwangalia, kicheko kikamkauka. Kisha akamgeukia mke wa mwanawe, ambaye kwa miaka ishirini na tisa alikuwa hajawahi kumsifia hata kwa kukuna nazi, akamwambia: "Na wewe unayepima kila kitu duniani, haya, pima na hiyo. Ikichanua, nitakwenda. Isipochanua, msinisumbue."

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza. Miezi minne, mmea mmoja, na mgonjwa ambaye kila wiki alipanda ngazi tatu pungufu ya wiki iliyotangulia. Hesabu ya ngazi pia ipo, kwenye daftari.

Bi Gramu alikwenda kwa muuza maua wa karibu na posta, mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza ambaye hauzi kitu kabla hajakusema. Aliutazama mmea, akamtazama mwenye mmea. "Huyu ameshiba, anakaa gizani, na anaona joto. Kwa nini achanue? Hana shida yoyote!" Akamweleza: okidi ya aina hii haitoi shina la maua mpaka ihisi baridi. Usiku isizidi nyuzi ishirini, mchana ipate mwanga wa kutosha ila si jua kali, mwezi mzima bila kukatisha. Maji mara moja kwa wiki, yachuruzike yote, mizizi ipumue. "Na usimbembeleze," akaongeza. "Mmezidi kumbembeleza."

Nyumba ya Bi Gramu usiku huwa nyuzi ishirini na nane, madirisha yakiwa wazi. Mume wake akapendekeza friji. Alitazamwa mpaka akatoka sebuleni.

Sasa, wasiofanya kazi kwetu wajue jambo moja. Jiwe la mizani likitoka juani haliwezi kupimwa hapo hapo, lazima lilale kwanza kwenye chumba cha baridi mpaka litulie. Chumba hicho kipo mwisho wa ujia wa ghorofa ya pili. Kiyoyozi chake hakizimwi, na kipimajoto ukutani husoma nyuzi ishirini, asubuhi na jioni, mwaka hadi mwaka. Mlangoni pamebandikwa masharti kumi na mawili. Sharti la sita linasema: mimea ya aina yoyote ni marufuku, kwa sababu hutoa unyevu, na unyevu hula chuma. Masharti hayo aliyaandika Bi Gramu. La sita aliliongeza baada ya mtu mmoja kuingia na waridi siku ya kuzaliwa ya mkuu wa ofisi. Waridi lile lilitolewa nje kwa koleo.

Jumatatu moja mlinzi alimwona Bi Gramu anapanda ngazi na mfuko wa karatasi ulioshikwa kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto wa wenyewe. Hakuuliza. Alitwambia sisi, nasi tukajifanya hatukusikia, huku kila mmoja akitafuta sababu ya kupita kwenye ujia.

Mchana okidi ilikaa dirishani, upande wa jua la asubuhi, nyuma ya pazia jembamba. Saa tisa na nusu, wakati wa kufunga, iliingia chumba cha baridi ikawekwa kwenye rafu ya chini, mwishoni mwa mstari wa mawe. Asubuhi ilitoka kabla ya jiwe lolote kupimwa. Jumamosi na Jumapili alikuja na ufunguo wake. Aliipima uzito ikiingia, akaipima ikitoka, akaandika: imepoteza maji gramu kumi na moja. Akasoma kipima unyevu, akaandika na hicho.

Na akaisajili. Hapo ndipo karani wa rejesta alipokaribia kuzimia. Hakuna kitu kinacholala katika chumba kile bila kuandikwa, hiyo ni sheria ya kwanza, nayo pia aliiandika Bi Gramu. Basi chini ya namba 415, jiwe la kilo tano, na 416, jiwe la kilo mbili, palikuwa na mwandiko wake ulionyooka: "417. Mmea, 1. Mwenye mali: mama mkwe. Sababu: kutulia." Karani alimsihi. "Dada yangu, kama ni siri, basi iwe siri! Siri gani ina namba?" Bi Gramu akamjibu kwamba hakusema ni siri, alisema tu asiulizwe.

Wiki ya pili, hakuna kitu. Wiki ya tatu, hakuna kitu, ila Bibi alianza kulala akiwa ameegemea mito minne ili apumue. Ndipo barua ikafika: wakaguzi wa ithibati, kibali kinachoipa ofisi haki ya kupima, wanakuja siku ya thelathini na moja ya mmea kulala chumbani. Siku hiyo hatukuichagua sisi.

Tuseme wazi palikuwa na hatari gani. Ithibati ikiondolewa, mihuri yetu yote ya mwaka inakuwa karatasi. Kila jiwe, kila mizani ya kila duka, irudi ianze upya, na ofisi ifungwe hadi itakapokubaliwa tena. Mkuu wa ofisi alimwita Bi Gramu, akafunga mlango, na sisi tukasikia sauti yake tu, kwa sababu ya Bi Gramu haipandi. "Utoe leo! Leo! Karibu mwezi mzima, unataka nini tena?" Kimya kidogo. "Siku nne? Siku nne za nini?" Kimya. "Mama mkwe wako mimi simjui, mimi najua wakaguzi!" Alipotoka, Bi Gramu alikwenda moja kwa moja dirishani, akainama.

Chini ya jani la tatu palikuwa na kitu. Kidogo kama punje ya mchele, kijani. Sasa tatizo la okidi ni hili: mzizi mpya na shina la maua huanza vikiwa vimefanana kama mapacha. Mlinzi akasema mzizi. Dereva akasema shina. Karani akasema yeye haoni kitu na asiulizwe na mkaguzi yeyote. Bi Gramu alichukua kalipa, koleo la kupimia unene, akapima: milimita mbili na nusu. Kesho yake milimita tatu na robo. Hakusema ni nini. Ila mmea haukutoka, na mkuu wa ofisi, ambaye ana ufunguo na ana miguu, hakuja kuutoa. Wengine tunamheshimu kwa mengi, lakini kwa hilo zaidi.

Wakaguzi walikuwa wawili: bwana mmoja mwenye kikohozi na mama mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Walipima joto, wakakagua mihuri, wakakohoa. Saa tano mama yule akaomba rejesta, akaanza kusoma kwa kidole. "Mia nne na kumi na tano, jiwe la kilo tano. Mia nne na kumi na sita, jiwe la kilo mbili. Mia nne na kumi na saba." Kidole kikasimama. Mkuu wa ofisi akaangalia dari.

"Mmea?"

"Ndiyo," Bi Gramu akasema.

"Upo humu?"

"Sasa hivi upo dirishani. Unaingia saa tisa na nusu."

"Nani ameruhusu?"

"Mimi."

"Na nani ameandika humu?"

"Mimi."

Mama wa miwani akarudi nyuma, akasoma masharti ya mlangoni, akaona na sahihi iliyo chini yake. "Unasajili vipi kitu ambacho wewe mwenyewe umekikataza?"

"Kwa sababu kilikuwemo."

Tunakumbuka kwamba kiyoyozi kilisikika kama gari bovu. Bi Gramu akatoa daftari lake: siku thelathini na moja, asubuhi na jioni, uzito wa chungu, gramu za maji zilizopotea, unyevu wa chumba kabla na baada. Unyevu ulipanda, usiku ulio mbaya kuliko wote, sehemu tatu za kumi ya asilimia moja. Mkaguzi mwenye kikohozi alipiga hesabu upya, mara mbili, akasahau kukohoa. Kisha wote wakaenda dirishani, nasi tukafuata nyuma kama watu wa msibani.

Mama wa miwani aliinama mpaka pua ikagusa jani. "Hii mnaiita nini?" Bi Gramu akajibu kuwa ofisi haijakubaliana. Mlinzi, bila kuulizwa, akasema mzizi. "Mzizi una ncha ya mviringo," mkaguzi akasema. "Hii imebonyea upande mmoja, kama kidole gumba ndani ya glavu. Ni shina la maua. Ninayo nyumbani, inanitesa miaka minne." Akasimama wima, akavua miwani. Tulidhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Ithibati itabaki, alisema, maana kipimo hakikuharibika na hakuna kilichofichwa. Lakini kosa ni kosa: mmea utoke leo hii, na aliyeuingiza apewe barua ya onyo, nakala iwekwe kwenye jalada lake. Bi Gramu akamwomba aandike pia ukubwa wa chumba, alikuwa ameusahau.

Zilibaki wiki kumi na mbili. Shina likipatikana baridi haihitajiki tena, hivyo okidi ilirudi nyumbani, mezani, karibu na dirisha la sebule ambalo Bibi aliliona kutoka kitandani kwake mlango ukiwa wazi. Bi Gramu aliweka alama ya chaki kwenye chungu na nyingine mezani: zikae zikitazamana, mmea usigeuzwe, kwa sababu shina hufuata mwanga na ukiligeuzageuza linachanganyikiwa. Alilifunga kwenye kijiti kwa uzi laini. Likarefuka. Wiki ya nane likatoa matumba saba.

Kila asubuhi tulipewa habari ofisini, fupi, kama taarifa ya hali ya hewa. Tumba la kwanza, milimita tisa. Bibi, ngazi nne. Tumba la kwanza, milimita kumi na tatu. Bibi hakupanda ngazi.

Wiki ya kumi mume wa Bi Gramu, mtu mwema sana, mwalimu, aliona mama yake hali vizuri. Akanunua ndizi mbivu, chane zima, zile za kunukia mpaka nje. Akaziweka mezani karibu na okidi, mama azione apate hamu. Na kwa kuwa matumba yalikuwa yanatazama dirishani, akaona si vibaya akigeuza chungu kidogo yamtazame mgonjwa. Ndizi ikiiva hutoa hewa isiyoonekana, nayo kwa tumba la okidi ni sumu. Siku ya tatu matumba mawili yalikuwa ya njano. Siku ya nne yakaanguka, na mengine mawili yakaanza.

Bi Gramu alifika kazini siku hiyo akapima jiwe moja la nusu kilo kwa saa nzima. Tulimletea chai, ikapoa. Hatimaye akasema, bila kutuangalia: "Yamebaki matatu. Na siku kumi na tano." Dereva akataka kusema neno la kufariji, karani akamkanyaga mguu.

Kuanzia hapo hakuna tunda lililovuka mlango wa nyumba ile. Watoto walikula maembe uani. Mwalimu alimalizia chane lake la ndizi barabarani, amesimama, kama mtu anayekunywa kwa siri. Chungu kilirudishwa chaki kwa chaki. Bibi alikuwa sasa anaongea maneno matatu, anapumzika, anaongea mengine matatu. Daktari alipiga simu mara mbili. Mara ya pili aliongea na Bi Gramu mwenyewe, akauliza kwa nini mgonjwa hajaletwa kulazwa. Alijibiwa kwamba tumba la chini lina milimita ishirini na sita na limeanza kupasuka mshono.

Siku sita kabla ya mwisho, Jumatano, saa moja asubuhi, ua la kwanza lilikuwa wazi. Jeupe, pana kama kiganja, na katikati njano kidogo. Bi Gramu hakupiga kelele. Alibeba meza, mmea ukiwa juu yake, yeye upande mmoja na mwalimu upande mwingine, hatua kwa hatua, akihesabu, mpaka ubavuni mwa kitanda. Bibi akaangalia. Akaangalia sana. Akainua kidole akagusa chini ya ua, pasipoharibika. Wakasubiri. Akavuta pumzi, akasema: "Nguo zangu za kutokea. Ziko wapi?"

Upasuaji ulichukua saa tano na dakika arobaini. Bi Gramu alikaa kwenye benchi la ujia wa hospitali, mikono juu ya mkoba. Tuliokwenda kumtazama tulikuta hajaandika chochote siku hiyo, hata saa. Daktari alipotoka, barakoa ikiwa kidevuni, alisema jambo la kwanza kabisa kwamba moyo unapiga wenyewe. Bi Gramu akamwomba arudie. Akarudia. Ndipo tulipomwona analia, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na minne, na hakuna kati yetu aliyethubutu kupima kwa muda gani.

Bibi yupo nyumbani sasa. Ua la pili na la tatu alikuta yamefunguka, akalalamika kwamba ya mzee yalikuwa tisa. Ngazi anapanda zote.

Mwezi uliopita, akitayarisha jalada la Bi Gramu kwa ajili ya kustaafu, mkuu wa ofisi alimwita, akamwonyesha ile barua ya onyo, ya pekee humo, na akasema kwa upole kwamba karatasi hupotea, ofisi ni kubwa. Bi Gramu alikataa. Aliomba nakala aende nayo nyumbani. Mwalimu ndiye aliyeisoma kwa sauti, Bibi akiwa kitini, na ndiye aliyetusimulia. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, tarehe, sharti la sita, ukubwa wa chumba, kila kitu. Kisha akamwambia mwanawe: "Rudia hapo waliposema siku thelathini na moja." Akarudia. Bibi akamsogezea mke wa mwanawe kiti, akapapasa pale pa kukalia. "Njoo ukae, mwanangu. Umesimama sana."

Kwa niaba ya watumishi wote, mafundi kumi na mmoja uliowalea, na wenye maduka ambao leo wanapima sawasawa kwa hofu au kwa mapenzi, tunakushukuru, Bi Gramu. Maisha yako ya mbele yawe mema, marefu, yenye siku ambazo hutazihesabu. Kaa. Umesimama sana.